Makubazi ya Ijumaa

"Mgeni, viatu vinawekwa hapa."

"Leo wewe ndiye wa kunionyesha rafu ya viatu, Fundi Saa?"

Fundi Saa aligeuka upesi. Kati ya wageni waliokuja kuutembelea msikiti alisimama binti wa marehemu mwadhini, mvi mbili tatu zikichungulia chini ya mtandio.

"Unapitaje na wageni, na humu ndimo ulimokulia?"

"Miaka yote hiyo ughaibuni, nimeona haya kujiita mwenyeji. Nimekuja kuuza nyumba ya baba. Keshokutwa naondoka."

Fundi Saa akawaongoza wageni. Aliwaonyesha kibla, mimbari, na dirisha lililotazamana na benki. Waislamu wa mji ule walikuwa wachache, hata Ijumaa safu hazikufika ukuta wa nyuma.

"Viatu havipotei?" aliuliza mgeni mmoja.

Binti akadakia: "Vinapotea sana. Kila Ijumaa baba alirudi na makubazi ya huyu bwana."

Wageni wakacheka. Fundi Saa naye akacheka. Jamani, Ijumaa zile! Alikuwa akimfuata mzee mpaka nyumbani, binti anamletea makubazi na chai, wanapiga soga mpaka alasiri. Kisha anaaga bila kulisema neno lililomleta.

Wageni walipotawanyika, alimsogelea.

"Mzee macho yalikuwa yamemchoka. Mimi nilikuwa nayaweka makubazi yangu karibu na yake makusudi."

"Macho gani? Baba alitunga uzi kwenye sindano bila miwani. Naye alikuwa anayachukua makusudi. Kila ukiondoka ananiambia, 'Kijana kachukua makubazi, kakusahau wewe.'"

"Nilidhani atanikataa."

"Nilikungoja mpaka nikachoka, nikaolewa mbali. Ndoa nayo haikudumu."

Fundi Saa alitaka kulisema lile neno. Lilimfika ulimini kabisa.

"Ngoja nizime feni," akasema, akaingia ndani.

Aliporudi, binti hakuwapo. Kwenye rafu vilibaki viatu vidogo vya kike, na makubazi yake hayakuonekana. Simu ikalia, ujumbe umeingia. Namba yake ilikuwa ubaoni, kwa ajili ya wageni.

*"Nimeondoka na makubazi ya mtu. Niko nyumbani kwa baba. Mwenyewe ayafuate, na safari hii aje na mshenga."*

Aliisoma mara mbili, akaviokota vile viatu vidogo, akamwendea imamu aliyekuwa akifunga madirisha.

"Imamu, una nafasi mchana huu?"

Imamu alimtazama miguu. "Uko peku. Makubazi yako yako wapi?"

"Ndiyo tunayoyafuata."