Waliokwisha Kuhesabiwa

Mahali ambapo hadithi ilitaka kimya, mtu alijibu.

Ilikuwa saa saba mchana, lakini ndani ya bweni la zamani ilikuwa usiku. Watu wa televisheni waliokuja na treni kutoka Dar es Salaam walikuwa wameutengeneza usiku huo wenyewe. Madirisha waliyaziba kwa maturubai na mablanketi, nyufa wakazijaza matambara, na taa moja ya bluu wakaipachika juu ya kenchi iwe mbalamwezi. Kina mama wa Mpanda walikuwa wamewatoa binti zao kuigiza kwa sharti moja, kwamba watoto wasikeshe. Basi usiku wote wa hadithi ulipigwa picha mchana, jua likiwa utosini.

Dafrosa Lyamba alisimama katikati ya vitanda, amevaa gauni la matroni, daftari mkononi. Yeye hakuwa mwigizaji. Waliletewa habari kwamba alisoma katika shule hiyo hiyo kabla haijafungwa, wakamchukua awaonyeshe jinsi vitanda vilivyotandikwa na jinsi wasichana walivyopanga foleni ya uji. Alipowaonyesha na namna matroni alivyoita majina, mkurugenzi, kijana mmoja anayeitwa Eustace ambaye hakuna jambo asilolijua, akasema hapo hatafutwi mtu mwingine. Binti yake Evaline, wa miaka kumi na mmoja, akapewa kitanda cha sita.

Kitabu walichokuwa wanakiigiza kila aliyesoma miaka ile anakijua. Kiliandikwa na mwalimu aliyewahi kufundisha hapo, na watoto wa nchi nzima walikisoma hadi majalada yakaisha. Jioni ya kufunga shule, matroni anaita majina bwenini. Wasichana kumi na mmoja wanaitika, "Nipo." Wa kumi na mbili, Médiatrice, anaitwa mara tatu na hakuna anayejibu. Kuanzia hapo wenzake wanamtafuta kitabu kizima, mpaka wanamkuta kwa bibi yake anatafuna karanga, wote wanacheka, hadithi imekwisha.

"Médiatrice," Dafrosa aliita.

"Nipo."

Sauti ilikuwa nyembamba, ya kuvuta maneno, na ilitoka kitanda cha mwisho, ambacho kilikuwa kitupu.

Eustace alisimamisha kazi, akauliza nani anafanya mchezo. Wasichana walitazamana. Wakarudia, na sauti ikajibu tena. Walirudia mara ya tatu huku Eustace mwenyewe amesimama kando ya kile kitanda, na safari hii alijibiwa karibu na kiuno chake, akaruka kando kama aliyekanyaga kaa la moto. Baadaye alisema alikuwa ameteleza. Gaspar, fundi wa sauti, alivua vile visikizio vyake na kuvifuta kwa shati, akanong'ona kwamba kabla ya sauti kulikuwa na mkwaruzo, kama mtu anayekuna mbao kwa kucha. Harufu ya godoro la sufi lililolowa ilikuwa imejaa chumbani, ingawa vitanda vyote vilikuwa na magodoro mapya ya sponji.

Dafrosa aliijua sauti ile, na alijua pia kitu ambacho hakuwahi kumwambia mtu: kwamba kitabu kilikosea. Jioni ile ya kweli hapakuwa na kimya. Jioni ile ya kweli, Médiatrice alipoitwa, mtu alijibu.

Aliyejibu alikuwa yeye.

Ilikuwa mwaka sabini na nne. Médiatrice alikuwa mtoto wa wakimbizi wa Katumba, mgeni wa Kiswahili, na alimkumbuka mama yake mpaka akawa hali chakula. Akamwambia Dafrosa kwamba atajificha kwenye stoo ya magodoro mpaka kagiza kaingie, atoroke, awahi nyumbani kabla ya malori ya kuwarudisha wanafunzi makwao asubuhi. Akaomba kitu kimoja tu, kile ambacho wasichana wa bweni hufanyiana tangu mabweni yalipojengwa: amjibie. Dafrosa alikuwa hodari wa kuiga sauti. Aliitika "Nipo" kwa lafudhi ya Kirundi, hata wenzake hawakutambua, matroni akaweka alama na kufunga daftari. Dafrosa hakujua kwamba saa hiyo mtunza stoo alikuwa amekwisha kupita na kufuli lake.

Asubuhi malori yaliwabeba wengine wote. Habari ilipokuja kwamba Médiatrice hakufika kwao, daftari lilionyesha kwamba jioni aliitika bwenini, kwa hiyo walimtafuta njiani na porini. Stoo ilifunguliwa likizo ilipokwisha. Dafrosa aliona wanaume wawili wakitoka na blanketi lililofungwa, akaona na upande wa ndani wa ule mlango. Aliulizwa, akasema hajui. Miaka ishirini na minne ameendelea kusema hajui, hata kwa mumewe, hata kwenye kitubio.

Jioni hiyo alimwomba Eustace awaachie yeye na Evaline waondoke. Eustace alimwonyesha mvua. Daraja la mto lilikuwa limekwenda na maji tangu asubuhi, lori halivuki, na hata wangefika Mpanda kwa miguu, reli nayo ilikuwa imekatika huko mbele. Zilibaki siku mbili za kazi. Akambembeleza kwa upole, kisha akamweleza kwa furaha kwamba amepata mwisho mpya, kwa sababu mambo ya bibi na karanga watoto wa siku hizi hawatayakubali. Médiatrice atakutwa stoo, amefungiwa.

Dafrosa aliuliza wazo hilo kalipata wapi.

"Nimepewa na yule mtoto wa kitanda cha nyuma," Eustace alisema, kisha akakunja uso kama mtu anayetafuta jina la mtu. Watoto walioigiza walikuwa kumi na mmoja. Kitanda cha nyuma hakikuwa na mtoto.

Kesho yake waliamua kuikwepa ile sauti. Dafrosa angeita majina kumi na moja tu, yale ya watoto wenyewe, kimya cha Médiatrice kingetengenezwa Dar es Salaam. Saa saba mchana usiku ukatandazwa tena. Taa ya bluu ilikuwa hafifu kwa sababu jenereta lilikuwa linakohoa, na kutoka katikati ya chumba Dafrosa aliona vichwa vilivyofunikwa shuka tu. Akaita jina moja baada ya jingine, akaitikiwa. Akaita Evaline, akaitikiwa. Hakuna aliyejibu kupita hesabu, hakukuwa na mkwaruzo, na Eustace akapiga makofi. Wakatoka kwenda kula.

Sahani zilikuwa kumi na moja. Moja ilibaki na wali wake.

"Eva yuko wapi?" Dafrosa aliuliza.

Atakuwa chooni, walisema. Choo kilikuwa kitupu. Atakuwa amejilaza. Hakuwepo. Alipoanza kupiga kelele walimzunguka, wakamshika mikono, wakamwambia Mama Eva tulia, mtoto alikuwepo sasa hivi, tumemsikia wote, ameitika mwenyewe. Gaspar alirudisha mkanda na kumpa visikizio ahakikishe. Evaline, alijisikia akiita. Nipo, ilijibu sauti, na ilikuwa sauti ya Evaline barabara, isipokuwa mwisho wa neno ulivutwa kidogo, kidogo tu, kama avutavyo mtu aliyekulia kwenye Kirundi.

Hapo Dafrosa alielewa, na hofu aliyokuwa nayo ikawa nyingine kabisa. Wenzake walikwisha kuanza kugawana njia: wewe nenda mtoni, wewe nenda porini. Hakuna aliyeelekea bwenini, maana bwenini mtoto alikwisha kuhesabiwa.

Aliingia peke yake. Mlango ulijifunga nyuma yake kwa uzito wa mablanketi, na alipougeukia mkono wake haukupata kitasa, ukapata ukuta, na alipopapasa kushoto ukapata ukuta, na kulia ukuta, na taa ya mbalamwezi ikawa inazimika pole pole huku harufu ya sufi iliyooza ikimpanda puani na kumshuka kooni, na pande zote mbili vitanda vikaanza kulia chuma kwa chuma kama wasichana wanaojigeuza usingizini, kumi na viwili, hakuhitaji kuvihesabu, na nyuma ya ukuta wa mwisho, mahali palipokuwa na mlango wa stoo uliopigwa misumari tangu mwaka ule, kitu kikaanza kukwaruza bila haraka, kama kinachojua kwamba muda kinao wa kutosha.

Alitaka kulia na akashindwa. Ndipo akafanya jambo pekee alilojua kulifanya katika chumba kile. Aliita majina.

"Médiatrice."

"Nipo," ilisema sauti, karibu sana na sikio lake.

"Hupo," Dafrosa alisema. "Hukuwepo, mwenzangu. Mimi ndiye niliyekujibia. Nilijua uko stoo. Walipoulizwa watu wote nikanyamaza, na nikanyamaza tena walipokutoa."

Mkwaruzo ulikoma.

"Evaline," aliita. Sauti ilianza, "Ni—" na yeye akaikata kwa nguvu zake zote: "Hayupo. Mwanangu hayupo. Mtafuteni."

Kimya kilichofuata ndicho kile ambacho Eustace alikitaka siku mbili nzima. Katikati yake, nyuma ya mlango wa stoo, mtoto alikohoa.

Gaspar na wenzake walisikia kelele zake, wakaja na nyundo. Misumari ilikuwa na kutu ya miaka, hakuna hata mmoja uliokuwa umeguswa. Evaline alikuwa ameketi pembeni amekumbatia magoti, kucha zina damu, nguo zinanuka sufi. Hakulia. Alimtazama mama yake na kusema kwa sauti ndogo, "Kuna mwenzangu humu. Alisema tusipige kelele, hawatakuja, wamekwisha kuhesabu."

Maji yalipopungua waliondoka. Dafrosa alikwenda Katumba kumtafuta mama wa Médiatrice, akaambiwa alikwisha kufariki. Akamweleza kaka wa Médiatrice, mzee mkulima wa tumbaku, ambaye alisikiliza mpaka mwisho, akainuka na kuingia ndani bila kumuaga. Bibi Nyanzala, mganga wa Kisukuma, alimwogesha dawa yeye na mtoto siku tatu. Akasema kwa mtoto limetoka. Kwa mama alinyamaza, akakusanya vibuyu vyake na kukataa kuku aliyeletewa.

Miezi saba baadaye Eustace alituma mkanda. Mtaa mzima ulijaa kwenye kibanda cha video karibu na stesheni, watoto mbele, wazee kwenye mabenchi, Evaline kwenye mapaja ya mama yake. Watu walishangilia kila walipomtambua mtoto wa jirani. Ilipofika jioni ya kufunga shule, Dafrosa alijiona mwenyewe, mnene kuliko alivyodhani, akiita majina. Kumi na moja wakaitika. Médiatrice akaitwa mara tatu, na kulikuwa kimya. Dafrosa akashusha pumzi. Matroni kwenye kioo akafunga daftari, kama alivyokumbuka kulifunga.

Lakini picha haikukatika. Kutoka mahali pasipoonekana, sauti nyembamba ya kuvuta maneno ikaita jina moja zaidi.

"Dafrosa Lyamba."

"Nipo," ikajibu sauti ya msichana wa miaka kumi na mmoja. Dafrosa aliitambua. Ilikuwa yake.

Kibanda kizima kikaangua kicheko. Mama Eva, kumbe na wewe wamekuweka, walisema, wakimpigapiga mabegani. Alifungua mdomo awaambie kwamba siye yeye aliyejibu, na kwamba siku akikosekana waende wakamtafute stoo, lakini kicheko kilikuwa kikubwa na hakuna aliyemgeukia. Evaline peke yake hakucheka. Aliushika mkono wa mama yake kwa vidole ambavyo kucha zake zilikuwa ndiyo kwanza zinaota.

"Mama," alisema, "na wewe wamekwisha kukuhesabu."