Pete Saba za Mtutu

Ijumaa ile, jua likiteremka nyuma ya milima ya Ibra, Fakhriya aliiweka sufuria ya bokoboko kwenye kiti cha mbele, akaifunga mkanda kama mtoto, akenda kumlisha kaka yake. Mtu mzima wa miaka arubaini na sita, siku ya tatu haendi kazini wala msikitini. Anaogopa mwangwi.

Mwangwi! Fakhriya alikuwa mwalimu wa fizikia. Mwangwi alikuwa akiusomesha.

Marzouq alikuwa na bunduki kumi na moja, zote za kijeshi, za enzi za babu zao, zile za kuvuta komeo kwa kila risasi. Hakuna aliyoiacha kama alivyoinunua. Hii kaikata kitako, ile kaibadilisha mbao, nyengine kaitia lenzi. Ya kumi na mbili aliipata mnadani Nizwa, pale dalali anapozunguka na bunduki begani mbuzi wakishanunuliwa. Mtutu wake ulivishwa pete saba za fedha. Wenyeji wakamwambia, pambo la mtutu halivuliwi. Marzouq, aliyezaliwa Unguja na kujifunza bunduki magazetini, akawacheka. Mtutu unataka kupumua, alisema. Ukibanwa, risasi inayumba. Akazivua pete zote, akenda bondeni, akalilenga jiwe jeupe mara saba.

Saba zote zikapata.

Lakini hakuna mlio uliorudi mlimani.

Ulirudi kesho yake, saa ya Magharibi. Mmoja tu, kutoka mlimani. Siku ya pili, kutoka kwenye mitende. Ya tatu, ng'ambo ya falaji, mfereji wa kumwagilia mitende. Kila siku mmoja, kila siku karibu zaidi. Na jana, wa sita, ulitoboa ukuta wa majlisi, chumba cha wageni, shubiri moja juu ya mto anaoegemea Marzouq.

"Wawindaji wapumbavu," Fakhriya alimwambia kaka yake kwenye simu.

Mkononi mwake ilimetameta bangili mpya. Kipande cha fedha alikiokota sakafuni kwa kaka yake siku moja baada ya kulenga kule, akampa sonara akiyeyushe na fedha nyengine kidogo. Kuomba ruhusa hakukumpitikia.

Langoni kwa Marzouq alikaa mzee. Kanzu yake ilikuwa na vumbi mpaka kifuani, na jicho la kushoto kalifumba. Harufu ya baruti... na ya udongo mbichi.

"Shikamoo, mzee."

Mzee akamkazia jicho la kulia. "Wewe ndiye dada wa mjinga?" Kiswahili chake kilikuwa cha Unguja, cha zamani, safi.

"Mjinga gani? Mtaa huu unao wengi."

Hakucheka. "Kila niliyempiga risasi akafa, mama alimfunga kwa pete, asije akanirudishia. Watu saba. Kaka yako kawafungua."

"Basi nenda polisi ukaseme hivyo hivyo. Watakusikiliza sana."

"Pete zirudi mtutuni kabla muadhini hajamaliza," alinong'ona yule mzee. Akautazama mkono wa baibui la Fakhriya. "Saba. Si sita."

Fakhriya akampita na sufuria yake. Wazee wengine wakikosa wajukuu wa kutisha hutafuta watu wazima.

Ndani, Marzouq alikaa sakafuni ukumbini, mbali na kila dirisha, bunduki mapajani. Pete sita alikwisha kuzivisha.

"Umezungumza na nani nje?"

"Kizee kimoja hakina adabu. Jicho moja kalifumba kama anayelenga."

Marzouq akasawijika. "Huyo ndiye mwenye bunduki. Dalali aliniambia alikuwa na jicho hilo hilo, na wamemzika mwezi wa Shaabani."

"Basi si yeye."

"Watu wa huku wanasema wengine hawafi, Fakhriya. Hufichwa na wachawi. Kaburini hulala gogo la mtende." Akamshika mguu. "Ya saba siioni. Nimeipekua nyumba nzima. Wallahi leo wananiua. Hujaiona, dada yangu?"

Angeweza kusema. Lakini mwalimu mzima aseme kaokota fedha ya kaka yake akaivaa? Kwa ajili ya hekaya ya kizee?

Akaivuta nguo ikafunika kiganja.

"Sijaiona."

Muadhini akaanza.

Marzouq akajikunyata ukutani. Fakhriya akahesabu pumzi bila kutaka. Adhana ikafika mwisho, ikakatika. Kimya.

Kimya...

Hakuna mlio.

"Alhamdulillahi!" Marzouq akacheka huku machozi yanamtoka. "Zimetosha sita! Nipe hiyo bokoboko, njaa inaniua kabla yao." Akakaa mbele yake, uso kwa uso, akafunua sufuria.

Hapo bangili ikawa baridi.

Ikabana. Ikabana tena, mpaka ikawa na upana wa mtutu wa bunduki, imeng'ang'ania mfupa. Mkono wa Fakhriya ukainuka wenyewe, polepole, ukanyooka kwenye kifua cha kaka yake. Jicho lake la kushoto likajifumba. Na ndani ya kiwiko chake kitu kikavutwa nyuma, kikasukumwa mbele.

Chaka... chak.

Kidole cha shahada kikaanza kujikunja.

"Kaka," alinong'ona, "toka mbele yangu."

"Unasemaje?"

"Toka!"

Fakhriya akajitupa chini, akaulalia mkono wake mwenyewe. Sufuria ikapinduka. Chini ya tumbo lake mkono ulipapatika kama samaki, kisha ukatulia.

Alipotoka, langoni hapakuwa na mtu.

Miaka imepita. Sonara aliweka msumeno juu ya bangili, akainamisha sikio, akausikiliza mkono, kisha akamwomba aondoke dukani. Wanawake wa Ibra wanasema elimu imemtoa adabu Fakhriya: mkono wa kulia kauficha mkobani, watu huwapa wa kushoto, hata msibani. Anawaacha waseme. Marzouq kaziuza bunduki zote, na hulalamika kwamba dada yake akija hukaa ubavuni tu, hamwelekei.

Hajamwambia. Akimwambia, itambidi aanzie pale aliposema hajaiona.

Kila Ijumaa, Magharibi, kidole hujikunja. Kidogo tu zaidi ya Ijumaa iliyopita. Na kila bunduki, Marzouq mwenyewe ndiye aliyemfunza, ina mahali ambapo kidole kikifika, hakirudi.