Mguu Kwenye Breki

Jioni ile Spana aliingia gereji kubadilisha kipande cha bomba la breki. Kipande chenyewe hakizidi urefu wa kalamu. Ndicho kilichomuua kaka yake.

Na aliyekikata ni yeye.

Usimhukumu haraka, mhukumu polepole, nafasi ipo. Miaka ishirini watu walimwita "mdogo wake fundi", hata mvi zilipomwota zikawa mvi za mdogo wake fundi. Wivu ukamtafuna. Siku moja akachukua msumeno wa chuma, akaingia uvunguni mwa gari la kaka yake, lile kuukuu la kukunja paa, ambalo marehemu alilipenda kuliko meno yake, na meno alikuwa nayo yote. Mteremko ukamaliza kazi. Msibani Spana alilia hadi wafiwa wakamwazima leso.

Kisha wasia ukasomwa. *Gari langu apewe mdogo wangu.*

Spana akataka kuliuza chuma chakavu. Shemeji yake, mjane, akamtazama weee, kisha akasema, "Usiwe na pupa. Kesho fundi wa ng'ambo ya barabara anakuja kulikagua. Akisema halitengenezeki, uza. Akisema linatengenezeka, utalitengeneza."

Kesho! Fundi yeyote, hata mwenye chongo, angeiona alama ya msumeno, na Spana angelala jela. Akajifanya mtu mwema. "Mbona nimeshaamua kulitengeneza, shemeji! Njoo jioni unikanyagie breki nikitoa upepo kwenye bomba."

"Nitakuja nikishafunga duka."

Basi jua likizama, Spana akaliinua gari kwa jeki, akajilaza chali uvunguni. Haraka ilimsahaulisha kuweka magogo chini ya chasisi, kosa ambalo yeye mwenyewe huwazaba watu makofi kwalo. Akafungua bomba la zamani, akalitupa pembeni. Akafunga jipya.

Nyayo zikaja. Mlango wa gari ukafunguka. Kiti kikabonyea, springi zikalalama... kriii.

"Umefika, shemeji?"

Kimya. *Wanawake na kununa,* akawaza.

"Haya, kanyaga."

Pedali ikashuka. Taratibu.

"Shikilia."

Akalegeza nati. Oili ikatoka na viputo... fsss... akaikaza.

"Achia."

Mara tatu hivyo, bila kosa hata moja. Spana akacheka. "Shemeji, una mguu wa fundi wewe! Marehemu alikufundisha lini?"

Ndipo harufu ikashuka. Sabuni ya unga iliyochanganywa na mchanga. Ni mtu mmoja tu aliyenawa grisi namna ile.

Huko juu mtu akakohoa. Kikohozi kikavu, kizito.

Cha mwanamume.

Geti la bati likalia. Kandambili zikaja kwa haraka. "Shemeji? Nisamehe, nimechelewa, wateja walining'ang'ania."

Spana akaiachia nati. "Shemeji..." akanong'ona. "Huyo aliyekaa kwenye usukani... nani?"

"Usukani upi? Paa umelikunja, gari liko wazi kama sinia. Hamna mtu."

Pedali ikashuka. Hakuna aliyeiambia.

Jeki ikapumua... fsss. Chasisi ikashuka upana wa kidole, ikagusa kifungo cha shati lake.

"Pandisha jeki! Shemeji, pandisha!"

Kandambili zikasogea, zikatulia karibu na sikio lake. "Nitapandisha. Kwanza niambie. Fundi anakuja kesho, wewe unabadilisha bomba leo. Kuna nini?"

"Lilichakaa!"

Fsss...

Kifungo kikapasuka. Mbavu zikaanza kubanwa.

"Nililikata! Mimi! Nilichoka kuwa mdogo wake fundi!"

Mjane hakupiga yowe. Hakulia. Alishika mpini wa jeki, akapampu. Chasisi ikapanda kidole, vidole viwili, shubiri nzima.

"Asante, shemeji yangu. Asante, Mungu akuba..."

"Usinishukuru. Nilitaka upate pumzi ya kusikia vizuri."

Akainama, akaokota bomba la zamani, akaliviringisha kwenye leso. Kisha akazungumza, lakini si na mtu aliye chini. Alizungumza na kiti kitupu, kwa sauti ya mke anayemuaga mumewe asubuhi.

"Baba watoto, umemsikia kwa kinywa chake. Gari lako litatengenezwa, kesho nitalisimamia mwenyewe. Sasa nalipeleka bomba hili polisi. Nusu saa kwenda, nusu saa kurudi."

Kandambili zikaondoka. Geti likafungwa. Kufuli... tak.

Spana akaanza kujivuta atoke, kwa viwiko, kwa visigino. Alikuwa ameshatoa miguu nje. Juu yake springi zikalalama tena, safari hii zikipanda. Aliyekuwa kitini ameshuka.

Mguu wake wa kulia ukagoma.

Akainua kichwa, akachungulia kati ya magurudumu. Pale nje hapakuwa na mtu. Palikuwa na kifundo chake cha mguu tu, na juu ya kifundo nyama imebonyea, pana, kama imekanyagwa na kiatu cha kazi. Ikazidi kubonyea. Taratibu.

Harufu ya sabuni ikamjaa puani. Na sikioni, karibu kabisa, sauti aliyoizika kwa mikono yake:

"Tuna saa nzima, mdogo wangu."