Maji ya Kuoga ya Bibi Tomasa

Jua lilikuwa linazama nilipobeba kapu la mikate ya mihogo kuwapelekea watalii kwenye mdomo wa hori, pale mkono wa bahari unapoingia mikokoni. Ndiyo kazi yangu ya kila jioni. Wakishapiga makasia kwenye mikoko na kupanda farasi ufukweni, hupenda kula chakula chetu mchangani. Binti yangu Marisela, bado mdogo hata shule hajaanza, alikuwa ametangulia mbio.

Nikasikia vicheko nyuma ya nyumba ya marehemu bibi yangu.

Pale hapakuwa na cha kuchekesha.

Sisi Wagarifuna, watu wa pwani hii, maiti wetu anaweza kuja ndotoni akasema anataka kuoga. Basi tunachimba shimo, na kila ndugu anamwaga maji humo: ya mtoni, ya bahari, na yale meupe ya mihogo iliyokamuliwa. Kisha tunafukia. Bibi yangu huyo, Tomasa, alimjia shangazi Kayetana ndotoni, akalia, "Naungua, mwanangu. Nipozeni." Tukamwogesha alfajiri ya juzi. Udongo ulikuwa bado laini.

Don Wilmer, mwenye kampuni ya matembezi, alikuwa ameufukua.

Alikuwa amepanga mawe pembeni mwa shimo na kulijaza maji ya vuguvugu. "Bafu la Wahenga!" alitangaza. Wageni waliingia mmoja mmoja, wakapigwa picha. Na katikati ya shimo, amelowa hadi nywele, alikuwa Marisela.

Nilimnyakua.

"Nani kakupa ruhusa, don Wilmer?"

"Aah, mama Marisela, mbona umenuna? Mimi mwenyewe ndiye niliyelifungua. Maji matamu!"

"Na mwanangu?"

"Picha bila mtoto hainogi."

Mgeni mmoja mzee aliuliza kulikoni, nikamweleza. Alivua kofia, akaliinamia shimo kama mtu aliyefika msibani. Mkewe akamfunika Marisela kwa taulo lake mwenyewe. Mungu awaweke wale wawili.

Wilmer alicheka. "Maiti anaoga? Basi aje adai bafu lake!" Akawaita wageni kwenye mitumbwi, wakaondoka.

Nilimkausha mtoto. Akalowa. Nikamkausha tena.

Tone... tone... tone...

Maji yalikuwa yanatoka kwenye nywele zake. Yalinuka mihogo iliyochacha.

Shangazi Kayetana alipofika na kumshika, uso ulimbadilika. "Kaingia maji ya mwenyewe, na mwenyewe hajamaliza kuoga."

"Sasa itakuwaje?"

"Atadhani kaletewa mtoto wa kumsindikiza." Tayari alikuwa anafunga khanga kiunoni. "Tumwogeshe upya. Ndoo za maji ya mto na ya bahari zilizobaki juzi, hizi hapa. Nakimbilia maji ya mihogo kwa jirani. Usimwachilie mtoto. Umenisikia? Usimwachilie!"

Nikabaki nimempakata. Kiza kilianza kuingia. Vyura wa horini wakanyamaza wote kwa pamoja.

Kisha... chubwi.

Mtu alikuwa ameketi shimoni, amenipa mgongo. Mgongo mwembamba, wenye kovu la moto begani. Niliujua. Niliusugua mwaka mzima wa ugonjwa wake.

"Mlete," alinong'ona. "Anisugue."

Marisela akanyoosha mkono. Mwili wake ulikuwa baridi kama samaki. Alikuwa anateleza mapajani mwangu, anakwenda, na kadiri nilivyombana ndivyo alivyoteleza.

Hofu ikanitoka. Nikawaka.

"Bibi! Nimekulisha kwa kijiko. Nimekufulia mashuka yako usiku na mchana, sikukunja uso. Huyu hupewi! Unasikia? Hupewi!"

Nikainua ndoo kwa mkono mmoja, nikammwagia bibi maji ya mto mgongoni. Nikammwagia na ya bahari. Mgongo ukatetemeka.

"Niliwaambia naungua," alisema taratibu. Ile haikuwa tena sauti ya bibi mgonjwa. Ilikuwa ya mtu aliyedhulumiwa. "Nani kanitilia maji ya moto?"

Ningeweza kusema sijui.

"Wilmer," nilisema. "Yuko horini."

Shimo likawa tupu. Kwenye majani, kitu kizito kilichochuruzika maji kilikwenda kuelekea mikokoni... taratibu... bila haraka yoyote.

Marisela alipiga chafya. Nywele zake zilikuwa kavu. Shangazi aliporudi na maji ya mihogo, alimkuta anatafuna mkate, mimi nalia. Tukayamwaga shimoni, tukafukia.

Wageni walirudi salama. Wilmer walimkuta asubuhi, amesimama horini, maji yamemfika kifuani. Alikuwa anasugua hewa kwa kiganja, juu chini, juu chini, kama anayemsugua mtu mgongo. Ngozi ya kiganja ilikuwa imekwisha.

"Bado," alikuwa anasema. "Anasema bado."

Walimtoa, akarudi. Wakamfunga kamba, akarudi. Shangazi anasema bibi keshaoga, hawezi kuwa yeye. Sasa ni nani, hasemi.

Wiki hii mama yake Wilmer alikuja kutoka mjini. Mama mtu mzima, na miguu imemvimba. Aliketi kwenye mizizi ya mikoko na bakuli la wali, akimwita mwanawe kwa jina la utotoni. Wilmer hakugeuka.

"Binti yangu," aliniuliza, "wewe wa hapa hapa. Ni nani anayemshika mwanangu?"

Hasira yangu kwa Wilmer haijapoa. Lakini yule ni mama, kama mimi.

Nilimpa mkate. Nikakaa naye mpaka jua likazama. Kwamba jina la mwanawe nililitaja mimi jioni ile, sikumwambia.