Huyu Bibi Si wa Makumbusho

Sogeeni, watoto, sogeeni karibu. Hii ni ya kusikiliza kwa masikio yote mawili.

Siwatu anakaa Tanga na bibi yake. Anampenda bibi yake kupita vitu vyote, hata kupita maandazi.

Siku moja walikwenda makumbusho. Hiyo ni nyumba inayotunza vitu vya zamani vya mji wao.

Mlangoni walimkuta Kaka Hoza, mlinzi mwenye funguo nyingi kiunoni. Cheng, cheng, cheng!

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu."

"Karibuni. Na wewe mdogo wangu, usiguse kitu."

Ndani kulikuwa na pasi ya mkaa. Juu yake amekaa jogoo wa chuma!

"Lo! Makubwa!" Macho yakamtoka Siwatu pima.

Kulikuwa na redio ya mbao, kubwa kama kabati. Kulikuwa na simu nyeusi, nzito, ya kuzungusha kwa kidole. Krrr, krrr!

"Lo! Makubwa!" Macho yakamtoka Siwatu pima.

"Vitu hivi vitarudi kwao lini?" akauliza.

"Havirudi," akasema Kaka Hoza. "Kitu cha zamani kikishaingia hapa, kinakaa hapa hapa. Siku zote."

Bibi akacheka. "Pasi kama hii nilikuwa nayo. Hata mie mwenyewe ni wa zamani!"

Siwatu hakucheka. Bibi ni wa zamani! Na Bibi ameshaingia!

Moyo wake ukapiga du, du, du.

"Bibi, twende nyumbani."

"Subiri kidogo, mjukuu wangu. Miguu inaniuma."

Siwatu akageuka kutazama baiskeli ya zamani. Mara moja tu. Alipogeuka tena, Bibi hayupo!

Akakimbilia chumba cha pili. Kilipangwa kama sebule ya watu wa kale, na mbele yake kamba nyekundu.

Nyuma ya kamba palikuwa na kiti. Juu ya kiti, Bibi! Amefumba macho. Hatikisiki.

Wanafunzi wawili walikuwa wanamtazama.

"Sanamu hii nzuri!" akasema mmoja.

"Mpaka mikunjo ya uso wameiweka!" akasema mwenzake. Kacha! Wakampiga picha.

Siwatu alitaka kusema "Lo! Makubwa!" Sauti haikutoka. Aliogopa sana.

Cheng, cheng, cheng! "Tunafunga!" akaita Kaka Hoza. "Tokeni wote!" Akazima taa moja. Pa!

Siwatu akapita chini ya kamba. Akamkumbatia Bibi kwa nguvu zake zote.

"Huyu simwachi!" akapiga kelele. "Ni wa zamani, lakini si wenu! Ni wangu mie!"

Sanamu ikafumbua macho.

"Mama yangu weee! Imeamka!" Wanafunzi wakatoka mbio. Kiatu kimoja kikabaki.

Lo! Makubwa! Sasa macho yakamtoka Kaka Hoza pima. Hata funguo zikaanguka.

"Bibi! Unafanya nini humo?"

"Nilikaa kupumzika, mwanangu. Usingizi ukanichukua."

"Walitaka kukuweka humu siku zote!" Siwatu akalia.

Kaka Hoza akachuchumaa. "Hapana, mdogo wangu. Hapa tunaweka vitu tu. Watu wote wanarudi kwao." Akaifungua kamba nyekundu.

Bibi akamfuta Siwatu machozi kwa kanga yake.

"Na mie nisingekubali," akasema. "Nitakaaje humu ndani, na wewe uko nje?"

Wakarudi nyumbani, wameshikana mikono. Siwatu alikula kwa mkono mmoja. Wa pili ulimshika Bibi.

Wakati wa kulala, Bibi akamfunika shuka.

"Niachie mkono sasa, nikafunge mlango."

"Bado," akasema Siwatu.

Basi Bibi akakaa. Akakaa kitandani pale, mpaka ule mkono mdogo ukalegea wenyewe.