Mlango Uliobonyea

Jua lilikuwa linazama upande wa Kongo Cadette alipoingiza gari kwa Chisanga, fundi wa kunyoosha bodi za magari pale Kashikishi. Upepo wa ziwa ulileta harufu ya samaki wakavu. Sokoni watu walikuwa wanafunga vibanda.

Gari lilikuwa la Willy, mumewe, aliyezikwa mwezi wa tano. Mwalimu Kapembwa wa Kafutuma alikuwa aje kulitazama Jumamosi. Injini nzima, matairi mapya. Ila mlango wa nyuma, upande wa kushoto, ulikuwa umebonyea kama sufuria iliyoangushwa, na rangi yake imevimba malengelenge.

Autengeneze, au auze gari hivyo hivyo?

"Uza vile iko," yaya Brigitte, dada yake mkubwa, alikuwa amemwambia siku tatu mfululizo. "Mwenye kununua atatengeneza mwenyewe. Usiguse ile mulango, Cadette. Minakuomba."

Brigitte ndiye aliyemlea tangu mama yao afe, ng'ambo, Pweto. Ndiye aliyemfundisha kuandika, kwa mkaa, ukutani. Cadette hakuwahi kumkatalia neno. Lakini mnunuzi hutazama bodi kwanza, na mjane mwenye gari bovu machoni hupewa bei ya kumwonea. Akaamua kutengeneza. Yaya angeambiwa baadaye.

Chisanga aligonga mlango kwa kidole.

Ko. Ko.

Akaondoa mkono, akasikiliza.

Ko... ko.

"Ni wewe?" Cadette alinong'ona.

"Hapana, bamayo," fundi akajibu kwa heshima.

Fundi akakwangua rangi. Mastiki, ile lipu ya kuzibia bodi, ilitoka vipande vinene. "Hii ni mingi mno. Nani alipaka?"

Cadette hakujua. Mlango ulibonyea wiki ile Willy alipolazwa. Brigitte alikuwa amechukua gari kutafuta dawa, akarudi akisema amegonga geti.

Chisanga alifungua skrubu za kava ya ndani. Cadette akamulika kwa simu.

Harufu ikatoka.

Haikuwa ya samaki. Ilikuwa ya udongo mbichi, udongo wa chini sana, ule alioushika kwa mkono wake mwezi wa tano.

Ndani mlikuwa na kifurushi cha kitenge. Kucha. Nywele. Kola ya shati ambalo Willy alivaa akipelekwa hospitali. Na kipande cha karatasi ya daftari, chenye majina mawili.

Willy. Limekatwa kwa mstari.

Chini yake, Cadette.

Halijakatwa.

Aliujua mwandiko ule, C yenye mkia mrefu. Yeye mwenyewe huiandika hivyo, kwa sababu ndivyo alivyofundishwa.

"Nilikuambia usiguse."

Brigitte alikuwa amesimama nyuma yao, miguu mitupu, anahema.

"Yaya... ni weye uliandika?"

"Njo mimi." Sauti yake haikufika mbali. "Bazee balikuya wakati biashara yangu ilikufa. Balisema nitaje batu wawili, itafufuka. Nikatanguliza Willy. Jina yako nikaifungia mule, isitoke. Miezi hii yote nilikuwa nakulinda!"

"Unanilinda? Nani aliwapa jina langu?"

Brigitte akamnyooshea mikono.

Cadette alitazama mikono ya dada yake. Ndiyo iliyomshika kiunoni siku ya mazishi asianguke kaburini. Alikuwa ameilalia mikono ile, akalia, akashukuru Mungu kwamba amebakiwa na mtu.

Vyura wa ziwani wakanyamaza. Wote, mara moja.

Nje ya uzio mtu alikohoa, taratibu, kama mgeni asiyetaka kusumbua.

"Mumefungua," sauti ikasema. Ya mwanamume mzee. Mpole kabisa. "Tulikuwa tunangoja. Inabakia moja."

Chisanga akainamisha kichwa. Sauti ikauliza:

"Jina gani?"

Brigitte alimshika mdogo wake mkono. Vidole vyake vilikuwa baridi. "Usijibu," alinong'ona. "Mudogo wangu... usijibu..."

"Jina gani?"

Jumamosi mwalimu Kapembwa alikuja kutazama gari, akakuta watu wamekaa chini uani, wanaomboleza. Brigitte alikuwa amelala Ijumaa mchana, hakuamka tena. Kwenye kituo cha afya walisema presha.

Cadette anaapa mpaka leo kwamba jioni ile hakufungua mdomo.

Chisanga haapi. Amehamishia kazi yake mbali na ziwa, na ukimbana sana huacha nyundo, hutazama chini.

"Niliinamisha kichwa, niliogopa," husema. "Sauti ya mwanamke ikataja Brigitte. Wazi kabisa, bila kutetemeka. Lakini pale wanawake walikuwa wawili, mukwai... sikuona ni mdomo wa nani."