Msalaba wa Tatu

Jua lilikuwa limeshaegemea upande wa Burundi Winifrida alipochukua beseni lake kushuka bondeni kuopoa muhogo aliouloweka. Kumsenga nzima inaujua muhogo wake: mweupe, hauna nyuzi, hauchanganywi na wa mtu. Wanaujua na ulimi wake.

"Mama Aneth, saa hizi unashuka huko peke yako?" Asmahani, mwalimu jirani aliyehamishiwa huku kutoka Tanga, alimwuliza kibarazani kwake.

"Muhogo ukioza, utanilisha wewe, mwalimu?"

Asmahani alicheka kidogo, kisha akashusha sauti. "Watu wanasema mwanao hakufa. Wanasema amechukuliwa na wachawi. Ukimwona, usimguse."

"Nimemzika mwenyewe. Waambie waje wanisemee usoni."

Alimzika, ndiyo. Jeneza lilikuja limeshapigwa misumari.

Aneth alikuwa mwanawe wa pekee. Tangu utoto hakutoka nyumbani bila mama yake kumchora misalaba mitatu midogo kwa kidole gumba, kama ile inayochorwa kanisani kabla ya kusomwa Injili: paji la uso, midomo, kifua. Asubuhi aliyokwenda kuanza kazi ya ualimu Kitanga, mikono ya Winifrida ilikuwa imejaa rojo la muhogo, na barabarani mchomoko, kigari cha abiria cha Kasulu, unapiga honi.

"Ngoja ninawe."

"Wataniacha, mama. Utanipa nikirudi."

Gari lilipinduka kabla ya kufika Kitanga.

Sasa Winifrida aliinama dimbwini. Harufu kali ya muhogo uliovunda ilimpanda puani. Vyura walikuwa wanalia... kisha wakanyamaza wote, kama walioambiwa.

Chini ya uvundo ule ikaja harufu nyingine. Mafuta ya nywele. Yale ya Aneth.

"Mwiriwe, mama."

Salamu ya jioni, kwa Kirundi cha bibi yake. Ilitoka nyuma, karibu na sikio.

Winifrida aligeuka polepole. Binti alikuwa amesimama ndani ya maji, na blauzi ile ile ya asubuhi ile. Maji yalimfika magotini. Hayakutikisika.

"Mwana wanje, mwanangu... Ulikuwa wapi?"

"Pale pale barabarani. Wenzangu wamepita. Mimi naambiwa sijaagwa kwetu." Alisogeza uso mbele. "Nimechoka kusimama, mama. Nipe."

Safari hii Winifrida alinawa. Alinawa mpaka kwenye viwiko, machozi yakidondoka dimbwini. Kisha akaweka gumba kwenye paji la uso.

Baridi. Akachora.

Binti akamtazama kwa adabu, kama anavyotazamwa mgeni. "Mama, samahani. Hapa ni wapi?"

Ndipo Winifrida alipokumbuka mafundisho ya katekista Anatoli. Msalaba wa paji ni kumkabidhi Mungu akili. Wa midomo, maneno. Wa kifua, moyo. Miaka yote alikuwa akiichora hiyo misalaba kama mtu anayefunga kitenge, hajawahi kuwaza kwamba kilichokabidhiwa kinaweza kuchukuliwa.

"Hapa ni kwenu," alinong'ona. "Mimi ni mama yako."

"Sikujui. Lakini nimechoka. Ukiweza, nisaidie."

Alifumba macho, akachora kwenye midomo.

"Asan..."

Neno likakatika. Halikuisha.

Kilibaki kifua. Aliweka gumba juu ya blauzi, na mkono wote ukashtuka.

Pu... pu... pu...

Moyo ulikuwa unapiga. Na pale palikuwa na joto, joto la mtoto aliyetoka usingizini.

Maiti ana moyo gani?

Amechukuliwa, Asmahani alisema. Kama yuko hai, msalaba huu utamwua kwa mkono wa mamaye. Kama amekufa, bila msalaba huu hafiki walikofika wenzake. Binti alingoja, kifua mbele, midomo imefungwa.

Winifrida akaurudisha mkono.

Binti alisubiri kidogo zaidi. Halafu akageuka, akaingia mateteni kama mgeni asiyekaribishwa. Vyura wakaanza tena.

Kesho yake katekista Anatoli alimsikiliza hadi mwisho.

"Uliishia wapi?"

"Midomoni."

Mzee akavua kofia. "Labda moyo unapiga kwa kuwa ndicho kitu pekee alichobaki nacho. Labda yuko hai. Nisikudanganye, Mama Aneth. Mimi nafundisha watoto ishara, sijui zaidi ya hapo."

"Nifanyeje sasa?"

"Akirudi, malizia."

Anarudi. Kila jua linapozama Winifrida husimama mlangoni, ameshanawa mikono, gumba tayari. Hatua zinapanda kutoka bondeni. Hakuna mtu anayeonekana njiani. Harufu ya mafuta ya nywele tu, na chini yake ule mdundo... pu... pu... pu...

Zinasimama kwa Asmahani, ambaye siku hizi hufunga mlango mapema. Zinakuja kwa Winifrida.

"Aneth," ananong'ona, ameinyoosha mikono gizani, anapapasa hewa. "Ni hapa, mwanangu. Ni mimi. Njoo nikumalizie."

Zinasimama kidogo, kama zinavyosimama kwenye mlango wa mtu yeyote.

Kisha zinapita.